Barrios: Gwiji wa gitaa ambaye kazi zake zilihifadhiwa na wanafunzi

Noti ya guarani 50,000 ya nchini Paraguay imebeba sura ya mcheza gitaa. Katika bara ambako fedha aghalabu hupambwa kwa nyuso za marais na majenerali, hiyo si heshima ndogo. Inastaajabisha hata zaidi ikikumbukwa kwamba mwenye sura hiyo, Agustín Barrios, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya nchi yake, akafia ugenini, akazikwa huko huko, na kwa miaka 30 hivi baada ya kifo chake muziki wake ukajulikana na watu wachache mno.

Majumba makubwa ya tamasha hayakuwa na mchango mkubwa katika kuunusuru muziki huo. Uliponea kwenye vyumba vya masomo, palipokuwa na viti viwili, magitaa mawili, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja.

Agustín Pío Barrios alizaliwa Mei 5, 1885 katika eneo la Misiones, kusini mwa Paraguay. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ingali inauguza majeraha ya vita vya 1864 hadi 1870, ambapo Brazil, Argentina na Uruguay ziliungana kupigana nayo. Sehemu kubwa ya wanaume wake iliangamia, na kizazi cha akina Barrios kililelewa miongoni mwa wajane na mayatima.

Hata hivyo, nyumba aliyozaliwa haikuwa ya ukiwa. Babake, Doroteo Barrios, aliiwakilisha serikali ya Argentina katika eneo hilo kama afisa wa ubalozi mdogo, naye mamake, Martina Ferreira, alikuwa mwalimu wa shule. Vitabu vilikuwamo nyumbani, na ala za muziki pia. Ndugu walikuwa wengi, kiasi kwamba wakikusanyika jioni walitosha kuunda bendi. Watoto hao walikua wakizungumza Kihispania na Kiguarani, lugha ya wenyeji asilia wa Paraguay ambayo mpaka leo husikika sokoni na bungeni vilevile. Agustín alilishika gitaa mapema, akaanza na densi za vijijini.

Huenda angebakia fundi wa karamu za harusi lau hangekutana na Gustavo Sosa Escalada. Mwalimu huyo, aliyekuwa amesomea gitaa jijini Buenos Aires, alimsikia mvulana huyo alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi. Alitambua mara moja kwamba alichokuwa akikisikia hakikuwa cha kawaida, akaamua kumfundisha, kisha akawashawishi wazazi wamruhusu kwenda mji mkuu. Kwa wazazi wa mashambani, uamuzi huo haukuwa mwepesi. Gitaa wakati huo lilihesabiwa kuwa ala ya walevi na vijana wa mitaani, na watu wenye heshima zao waliwatafutia watoto piano.

Mwaka 1901, akiwa hajatimiza miaka 17, Barrios alijiunga na Colegio Nacional mjini Asunción kwa ufadhili wa masomo. Alisoma hesabu na fasihi kama wenzake, akasifika kwa hati nzuri ya mkono na kwa uchoraji. Nadharia ya muziki aliipata kwa Nicolino Pellegrini, mwanamuziki aliyetoka Italia. Lakini kiini cha elimu yake kilikuwa saa alizoketi ana kwa ana na Sosa Escalada.

Gitaa la klasiki halifundishiki kama historia au jiografia, mwalimu akisimama mbele ya wanafunzi 40. Ala yenyewe hairuhusu. Kwenye piano kila sauti ina kitufe chake kimoja. Kwenye gitaa, sauti ile ile moja inaweza kupatikana mahali kadhaa. Sauti ya uzi wa kwanza unapoachwa wazi, kwa mfano, ipo pia kwenye uzi wa pili, wa tatu, wa nne na hata wa tano, na kila mahali ina rangi yake: hapa nyembamba na kali, pale nene na tulivu. Noti zilizoandikwa kwenye karatasi hazisemi ni ipi ichaguliwe. Mwalimu ndiye asemaye, naye hawezi kusema kabla hajautazama mkono wa mwanafunzi aliye mbele yake: urefu wa vidole, umbo la kucha, jinsi kifundo kinavyopinda na bega linavyokaa. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumharibu mwingine.

Ndiyo sababu, kuanzia vyuo vya Ulaya hadi vya Amerika, somo la gitaa hutolewa kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Mwanafunzi hucheza, husimamishwa, hurudia kipande kile kile mara ishirini, kisha huenda kufanya mazoezi peke yake hadi juma linalofuata. Asiyefanya mazoezi hana pa kujificha, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kujibu kwa niaba yake.

Sosa Escalada alimwekea Barrios mbele yake kazi za mabwana wa Uhispania wa karne ya 19, Fernando Sor na Dionisio Aguado, pamoja na zile za Francisco Tárrega, ambaye wakati huo alikuwa angali hai. Kijana aliyezoea densi za nyumbani akakuta kwamba gitaa moja linaweza kubeba sauti tatu au nne kwa pamoja, kila moja ikifuata njia yake. Aliyashika hayo upesi ajabu, na haikuchukua muda akaanza kutunga.

Mnamo 1910 alivuka mpaka kuingia Argentina kwa maonyesho, akaingia katika maisha ya kuhamahama ambayo hayangekoma kwa miaka 30. Alicheza Buenos Aires na Montevideo, akazunguka Brazil mji hadi mji. Leo kumbi zilijaa, kesho hazikuwa na watu. Kuanzia 1913 alirekodi santuri mjini Buenos Aires, na anahesabiwa miongoni mwa wacheza gitaa la klasiki wa kwanza kabisa duniani kusikika kwenye santuri.

Alikuwa mwepesi wa kutunga na mzito wa kuhifadhi. Kipande angekiandika kwenye karatasi yoyote, akampa mwenyeji wake kama shukrani ya malazi, akaondoka. Kingine angekicheza kwa miaka bila kukiandika. Nchini Uruguay alipata rafiki na mfadhili, Martín Borda y Pagola, aliyeliona tatizo hilo na kumkalia rohoni. Alimkaribisha nyumbani kwake na kumsisitizia aandike, kisha akazitunza karatasi. Pasipo ukaidi wa bwana huyo, orodha ya kazi zilizopotea ingekuwa ndefu maradufu. Inakadiriwa kwamba Barrios alitunga vipande zaidi ya 300, na vilivyosalia vinazidi 100 kidogo tu.

Kipande chake mashuhuri kuliko vyote, La Catedral, ni cha mwaka 1921. Inasimuliwa kwamba aliingia katika kanisa kuu jijini Montevideo wakati kinanda kikipigwa muziki wa Johann Sebastian Bach, akatoka nje akakuta pilkapilka za mjini. Sehemu ya kwanza ina sauti nzito zinazopandana kama nguzo za kanisa. Inayofuata ni mbio za vidole, kama umati unaopishana barabarani. Baadaye sana, mwaka 1938 akiwa Havana nchini Cuba, aliongeza utangulizi wenye huzuni, na hivyo ndivyo kinavyochezwa leo. Kati ya sehemu ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka 17, na yule aliyetunga utangulizi alikuwa mtu mwingine kabisa, mgonjwa na mchovu.

Ni mwaka huo wa 1921 alipokutana na Andrés Segovia jijini Buenos Aires. Mhispania huyo, mdogo wake kwa miaka minane, ndiye aliyekuwa akielekea kuwa mfalme wa gitaa duniani. Barrios alimchezea La Catedral, na yasemekana Segovia aliisifu. Lakini katika maisha yake marefu ya kurekodi, Segovia hakurekodi hata kazi moja ya Mparaguay huyo. Enzi hizo neno la Segovia lilitosha kumfungulia mtunzi milango ya Ulaya nzima, na kimya chake kilitosha kuifunga.

Sababu mojawapo iliyotajwa dhidi ya Barrios ilikuwa nyuzi zake. Mcheza gitaa wa klasiki alitarajiwa kutumia nyuzi za utumbo wa mnyama, zenye sauti laini. Barrios alitumia za chuma. Kwa sikio lililolelewa na benga au rumba, uzi wa chuma si ajabu hata kidogo, lakini kwa wajuzi wa wakati huo ilikuwa kama mtu kuingia kwenye karamu ya kifalme na viatu vya shambani. Walimbeza. Ukweli ni kwamba uzi wa utumbo hulegea na kukatika katika joto na unyevu wa nchi za tropiki, na msanii anayesafiri kwa mashua na treni hana duka la nyuzi kila kituo. Ili kupunguza mlio wa chuma, Barrios alibandika vipande vidogo vya mpira kwenye nyuzi. Nyuzi za nailoni, ambazo zingemaliza ubishi huo wote, zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye akiwa tayari kaburini.

Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Barrios hakutunzwa. Katikati ya miaka ya 1920 alirejea Asunción, akiwa msanii anayejulikana katika nchi tatu, akakuta mapokezi ya uvuguvugu. Serikali na matajiri hawakumpa alichohitaji ili aweze kuishi na kufanya kazi nyumbani. Aliondoka mwaka 1925, akiwa na miaka 40. Hakuiona Paraguay tena.

Yaliyofuata yamewatatiza waandishi wengi wa maisha yake. Mwaka 1932, akiwa Brazil, alianza kupanda jukwaani na manyoya kichwani, amevaa mavazi ya chifu wa Waguarani, na jina jipya: Nitsuga Mangoré. Nitsuga ni Agustín likisomwa kinyumenyume. Mangoré ni jina la chifu wa visa vya kale aliyekabiliana na Wahispania. Matangazo yalimwita mfalme wa gitaa aliyetoka katika misitu ya Paraguay. Watu walimiminika kumtazama mtu wa msituni, wakamsikia akipiga Bach.

Wapo waliouona kuwa ulaghai wa kutafuta riziki, na hawakukosea kabisa, kwani uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na kumbi zilikuwa tupu. Lakini tafsiri hiyo haitoshi. Mtu aliyedharauliwa na wajuzi kwa kutofanana nao aliamua kutofanana nao kabisa, na kuitangaza asili ambayo watu wa tabaka la juu nchini mwake walipenda kuificha. Hata alipoyavua manyoya, jina la Mangoré halikumtoka.

Aliyemshawishi kuyavua ni Tomás Salomoni, mwanadiplomasia wa Paraguay aliyekutana naye Mexico. Mwaka 1934 Salomoni alimpeleka Ulaya pamoja na Gloria, mwenzi wake Barrios aliyetoka Brazil. Alicheza katika chuo cha kifalme cha muziki jijini Brussels, akapita Ujerumani na Uhispania. Hatimaye alikuwa amefika kwenye chimbuko la gitaa la klasiki, lakini Uhispania ilikuwa ikielekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyolipuka Julai 1936. Alirudi Amerika mwaka huo bila jina kubwa alilolitarajia.

Alipozunguka Venezuela, Cuba na nchi za Amerika ya Kati, moyo ulianza kumsumbua. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1938, alipotunga Julia Florida huko Costa Rica, kipande kinachoyumba polepole kama mtumbwi, alichomwandikia msichana aliyekuwa akimfundisha gitaa. Si kipande cha kuonyeshea umahiri, na pengine ndiyo sababu kinapendwa mno. Muziki wake ulikuwa umeanza kuelekezwa kwa mtu aliyeketi mbele yake, badala ya umati uliokaa gizani.

Kufikia mwaka 1940 hakuweza tena kuhamahama. El Salvador ilimpa makao na kazi ya kufundisha gitaa katika chuo cha muziki cha taifa jijini San Salvador. Mwaliko huo ulitoka kwa mtawala wa nchi, Jenerali Maximiliano Hernández Martínez, na hapa historia haina budi kusemwa yote. Januari 1932 jeshi la jenerali huyo liliua maelfu ya wakulima, wengi wao wenyeji asilia, kiasi kwamba walionusurika waliacha kuvaa mavazi yao na kuzungumza lugha yao hadharani kwa kuhofia maisha. Mwaka ule ule Barrios alivaa manyoya ya kichifu jukwaani nchini Brazil. Miaka minane baadaye alikula mkate wa mtu huyo. Hakuna dalili kwamba alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Chuoni, msanii aliyezoea kushangiliwa alilazimika kuwa mwalimu. Wanafunzi wake wa karibu, ambao kwa desturi hutajwa kuwa 12, walimjia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa sasa kwenye kiti alichokalia Sosa Escalada miaka 40 iliyotangulia. Kwa ajili ya wanafunzi hao aliandika mazoezi na vipande vifupi, kila kimoja kikilenga ugumu fulani wa mkono. Na kwa kuwa kipande hakifundishiki mpaka kiandikwe, mtu aliyekuwa mzito wa kuandika aliandika. Wanafunzi walinakili kwa mkono, wakaona vidole vyake vinavyopita, wakaweka alama za vidole hivyo kwenye nakala zao. Santuri ingeweza kuhifadhi mlio. Uzi uliotumika na kidole kilichotumika vilihitaji jicho la mtu aliyekuwapo.

Mwaka 1944 nchi ilichafuka. Aprili na Mei wananchi waligoma, maduka na ofisi vikafungwa, na Mei 9 Martínez akaachia madaraka. Barrios alipoteza mlinzi wake, ingawa masomo yaliendelea.

Yasimuliwa kwamba katika wiki hizo za mwisho alikuwa nyumbani akimfundisha mwanafunzi, mlango ukabishwa. Alikuwa bibi kizee akiomba sadaka kwa ajili ya Mungu. Kubisha huko hakukumtoka masikioni. Alikigeuza kuwa mdundo wa sauti nzito, noti mbili zinazorudi tena na tena kama mkono usiochoka kugonga, na juu yake akaweka wimbo kwa mtindo wa tremolo, ambapo vidole vitatu huupiga uzi mmoja kwa haraka mpaka noti zikasikika kama mkondo mmoja wa maji. Kipande hicho kinajulikana kwa majina zaidi ya moja, kwa kuwa mwenyewe hakupata muda wa kukibatiza. Ni kazi yake ya mwisho. Alifariki Agosti 7, 1944 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 59, akazikwa San Salvador.

Dunia ilikuwa vitani na haikujali. Santuri zilichakaa. Wacheza gitaa wachache wa Amerika ya Kusini, akiwamo Alirio Díaz wa Venezuela, waliendelea kupiga kipande kimoja kimoja, lakini kwa mwanafunzi wa kawaida Ulaya au Marekani jina la Barrios halikuwepo. Nakala zilikaa kwenye makabati na masanduku ya wanafunzi wake El Salvador, na ya marafiki zake Uruguay na kwingineko, nyingine zikiliwa na wadudu.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Richard Stover, mwenyewe mcheza gitaa, alianza kuzitafuta nyumba kwa nyumba na nchi kwa nchi, akazilinganisha na santuri za zamani na kuzichapisha. Mwaka 1977 John Williams, mzaliwa wa Australia ambaye katika ujana wake alikuwa mwanafunzi wa Segovia, alitoa santuri nzima ya kazi za Barrios. Mwanafunzi wa aliyenyamaza ndiye aliyesema. Baada ya hapo hapakuwa na chuo kikubwa cha gitaa ambacho kingeweza kuendelea bila Barrios.

Leo kazi zake hutahiniwa vyuoni kandokando na zile za Sor na Tárrega alizofundishwa akiwa mvulana Asunción. Kipande kimoja, Un sueño en la floresta cha mwaka 1918, bado huwasumbua walimu kwa sababu ya ajabu kidogo. Shingo ya gitaa la kawaida la klasiki ina migawanyo 19 ya sauti. Barrios, ambaye gitaa lake lilikuwa na wa ishirini, aliandika noti inayouhitaji huo wa ishirini. Mwanafunzi mwenye gitaa la kawaida hupanda shingo yote, hufika ukingoni, na kukuta mbao tupu. Baadhi ya mafundi wa magitaa siku hizi huongeza kipande kidogo cha chuma mahali hapo, chini ya uzi wa kwanza peke yake, kwa ajili ya noti hiyo moja.